Zamu Ndani ya Kompyuta, Zamu Hewani

Kiini kimoja cha prosesa hutekeleza mfululizo mmoja wa amri kwa wakati. Masafa mamoja ya redio, ndani ya chumba kimoja, hubeba ujumbe wa msemaji mmoja kwa wakati. Wakisema wawili pamoja, hasikiki yeyote. Katika mitaala mingi ya teknolojia ya habari mambo haya mawili yametenganishwa mbali. Upangaji wa michakato umo katika sura ya mfumo endeshi, na teknolojia za pasiwaya za umbali mfupi zimo katika sura ya mitandao. Mwanafunzi hukariri la kwanza kwa ajili ya mtihani, hulisahau, kisha hukariri la pili. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu swali linaloulizwa katika sura zote mbili ni lile lile. Kitu ni kimoja na wanaokihitaji ni wengi: nani apewe sasa, kwa muda gani, na anayesubiri asubiri hadi lini?

Upande wa kompyuta unafaa kutangulia. Programu iliyolala kwenye diski si mchakato, ni faili tu. Huwa mchakato pale mfumo endeshi unapoipakia kwenye kumbukumbu, ukaipa namba na kuanza kuitunzia hesabu zake: imefikia amri ipi, rejista zina thamani gani, imefungua faili zipi, ina kipaumbele gani. Hesabu hizo hukaa katika jedwali la udhibiti la mchakato. Jedwali hilo ndilo linalouwezesha mchakato kusimamishwa katikati ya kazi na kuendelea baadaye palepale ulipoachia, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mchakato ukiwa na kila kitu isipokuwa prosesa, uko tayari, nao hukaa kwenye foleni. Ukipewa prosesa, unaendeshwa. Ukihitaji kitu ambacho hakijafika, iwe herufi kutoka kwenye kibodi, data kutoka kwenye diski au pakiti kutoka mtandaoni, huondolewa kwenye prosesa na kuingia hali ya kusubiri. Tofauti kati ya kuwa tayari na kusubiri huwachanganya wanafunzi wengi, na inafaa ikaziwe. Mchakato unaosubiri hauna haja na prosesa. Hata ukipewa, hauna la kufanya nayo. Mchakato ulio tayari umekosa prosesa tu. Ndiyo maana data ikishafika, mchakato uliokuwa ukisubiri haurukii kwenye prosesa moja kwa moja. Hurudi kwanza kwenye foleni ya walio tayari, na huko ndiko mpangaji, ambaye ni sehemu ya kiini cha mfumo endeshi, huchagua wa kuingia.

Kila badiliko lina gharama yake. Rejista za mchakato unaotoka lazima zihifadhiwe, za unaoingia zipakiwe, na mara nyingi data iliyokuwa imewekwa karibu na prosesa haimfai mgeni. Kazi hiyo huchukua maikrosekunde chache, lakini katika muda huo hakuna programu ya mtumiaji inayosonga mbele hata hatua moja.

Wazo la kugawana prosesa kwa vipande vidogo vya muda halikuwapo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1950 kompyuta kubwa zilipewa kazi kwa mafungu ya kadi zilizotobolewa. Aliyekosea alama moja alipata jibu la kosa lake baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake. Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja ya IBM kwa pamoja, kila mtu akiandika na kujibiwa kwenye kituo chake. Kompyuta ilimhudumia huyu kidogo na yule kidogo, kwa kasi iliyomfanya kila mmoja aone ni yake peke yake. Corbató alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 1990.

Njia rahisi kuliko zote za kupanga ni aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Ichukuliwe michakato minne iliyofika kwa pamoja na kusimama kwenye foleni kwa mpangilio huu: A unahitaji prosesa kwa milisekunde 20, B 4, C 2 na D 6. A haungoji kabisa. B unangoja 20, C 24, D 26. Wastani wa kungoja ni milisekunde 17.5. Ni duka lenye mwuzaji mmoja, ambapo mteja wa jumla anayeagiza shehena ya gari zima amemtangulia mteja wa kiberiti. Hakuna aliyedhulumiwa kwa mujibu wa kanuni, lakini kanuni yenyewe ni mbovu.

Ikichaguliwa kanuni ya kazi fupi kwanza, mpangilio unakuwa C, B, D, A. Muda wa kungoja ni 0, 2, 6 na 12, na wastani unashuka hadi milisekunde 5. Michakato ikifika pamoja, hakuna mpangilio mwingine unaoweza kupata wastani mdogo zaidi ya huo. Hapa mwanafunzi hudhani amepata jibu la mwisho. Kuna matatizo mawili. La kwanza, hakuna anayejua mapema mchakato utahitaji muda gani. Mfumo hubashiri kwa kuangalia mchakato ulivyotumia prosesa huko nyuma. La pili ni zito zaidi: kazi fupi zikiendelea kumiminika, A hautapata zamu kamwe.

Kanuni ya mzunguko hutibu tatizo la pili. Kila mchakato hupewa kipande cha muda kilichowekewa kikomo. Kikiisha kabla kazi haijaisha, mchakato hurudi nyuma ya foleni. Kwa kipande cha milisekunde 4, A unaanza kwa milisekunde 4, B unamaliza, C unamaliza kwa 2, D unapata 4, A unarudi kwa 4, D unamalizia 2 zilizobaki, kisha A unamaliza zake. A umengoja 12, B 4, C 8, D 14. Wastani ni 9.5, mbaya kuliko ule wa kazi fupi kwanza. Lakini kuna kipimo kingine ambacho wastani huo unakificha: mchakato wa mwisho kuguswa, yaani D, ulianza kuhudumiwa kwenye milisekunde ya 10, wakati kwa kanuni ya kwanza ulianza kwenye ya 26. Kwa mtu aliye mbele ya skrini, muda wa kuona jibu la kwanza una thamani kuliko wastani wowote.

Ukubwa wa kipande ndio roho ya kanuni hii. Kikiwa kirefu mno, mzunguko unageuka kuwa aliyetangulia kwanza. Kikiwa kifupi mno, prosesa inashinda ikibadilisha michakato. Endapo badiliko moja lingechukua milisekunde 1 na kipande kingekuwa 4, basi moja ya tano ya muda wote ingepotea.

Kinachouwezesha mfumo kukata kipande ni saa ya maunzi inayopeleka ishara ya kukatiza kila baada ya muda fulani. Ishara ikifika, mchakato husimama utake usitake. Windows 3.1 haikuzilazimisha hivyo programu zake. Kila programu ilitarajiwa kuachia prosesa kwa hiari, na moja ikikwama kwenye kitanzi kisichoisha, mashine nzima iliganda.

Mifumo ya kweli huchanganya kanuni. CTSS yenyewe ilikuwa na foleni kadhaa za ngazi tofauti: mchakato unaomaliza kipande chake chote hushushwa ngazi, ambako vipande ni virefu zaidi lakini zamu huchelewa, na ule unaoachia mapema kwa sababu unasubiri mtu abonyeze kitufe hubaki juu. Kwa njia hiyo mfumo hujifunza tabia ya mchakato bila kuambiwa chochote.

Kipaumbele huleta hatari zake. Iliyo maarufu ni kunyimwa zamu: wenye kipaumbele cha chini husukumwa nyuma daima. Dawa yake ni kukipandisha kipaumbele kidogo kidogo kadiri mchakato unavyokaa kwenye foleni, hadi siku moja uwe wa juu kuliko wote. Hatari ya pili ni ya kificho zaidi, na mfano wake bora haukutokea duniani.

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye, kikiwa kimeanza kukusanya takwimu za hali ya hewa, kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya, na kila mara kazi iliyobaki ya siku hiyo iliahirishwa. Wataalamu wa maabara ya JPL, huko Pasadena, walikuwa na nakala ya chombo hicho. Waliiendesha hadi tatizo likajirudia mbele yao, na rekodi za matukio zikaonyesha sababu.

Kulikuwa na michakato mitatu ya kuangaliwa. Wa kipaumbele cha juu uligawa data inayopita kwenye njia kuu ya mawasiliano ya chombo. Wa chini ulishughulikia hali ya hewa, na uliendeshwa kwa nadra. Kati yao kulikuwa na kazi za kipaumbele cha wastani, zenye kuchukua muda mrefu. Michakato ya juu na ya chini ilitumia kwa pamoja kitu kimoja kilicholindwa kwa kufuli. Mara nyingi wa chini ulishika kufuli, ukamaliza haraka, ukaachia. Lakini ilitokea kwamba wa chini umeshika kufuli, wa juu unaingoja, na papo hapo kazi ya wastani ikawa tayari. Mpangaji alifuata kanuni yake kwa uaminifu: wa wastani ni mkubwa kuliko wa chini, basi aingie. Wa chini haukuweza kumaliza, hivyo haukuweza kuachia kufuli, na wa juu kuliko wote ukabaki umefungwa nyuma ya kazi isiyouhusu kabisa. Mzunguko uliofuata, mlinzi wa mfumo alipokagua na kukuta ugawaji wa data haujakamilika, aliamua kuna hitilafu kubwa na kuwasha kompyuta upya.

Hakuna sehemu hata moja iliyokiuka kanuni zake. Kosa lilikuwa katika kukutana kwa kanuni. Tiba ilikuwa imeshaandikwa: Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walikuwa wameieleza kwa kina katika makala yao ya mwaka 1990. Mchakato wa chini ukiwa umeshika kufuli inayongojwa na mkubwa, huazimwa kipaumbele cha mkubwa huyo hadi utakapoiachia. Mfumo endeshi wa Pathfinder ulikuwa na uwezo huo, ila kwa kufuli hiyo ulikuwa umezimwa. Wataalamu walituma badiliko kutoka duniani, na chombo hakikujizima tena kwa sababu hiyo.

Simu nyingi za Afrika Mashariki hutumia Android, na chini ya Android kuna kiini cha Linux. Mwaka 2007 Linux ilipokea mpangaji aliyeandikwa na Ingo Molnár, ambaye wazo lake ni kuhesabu muda ambao kila mchakato umekwisha kupewa, ukipimwa kwa uzito wa kipaumbele chake, kisha kumchagua aliyepunjwa zaidi. Mwaka 2023 toleo la 6.6 lilimbadilisha mpangaji huyo kwa mwingine anayezingatia pia tarehe ya mwisho ya kila ombi, ili kazi zinazohitaji jibu la haraka zisilazimike kudai sehemu kubwa ya prosesa ndipo zihudumiwe mapema.

Hewani nako mambo yanaanzia mahali rahisi. Wanaozikumbuka simu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka pia mionzi ya infraredi: simu mbili ziliwekwa juu ya meza zikitazamana, na mkono ukipita katikati wimbo ulikatika. Hapakuwa na haja kubwa ya zamu kwa sababu hapakuwa na umati.

Mawasiliano ya kugusisha, yajulikanayo kwa herufi NFC, hufanya kazi kwenye megahezi 13.56 na kwa umbali wa sentimita chache tu. Kadi ya benki ya kugusisha haina betri. Kisomaji hutengeneza uga wa sumaku, uga huo unaamsha umeme katika koili iliyo ndani ya kadi, na chipu inajibu kwa kubadilisha kiasi cha nguvu inachofyonza. Masafa hayo hayo husoma chipu iliyo ndani ya pasipoti za kielektroniki. Hata hapa foleni ipo. Kadi mbili zikiwa ndani ya pochi moja, zote hujibu pamoja na majibu yanagongana. Kisomaji basi huuliza namba za utambulisho biti kwa biti. Pale zinapotofautiana huchagua upande mmoja, na upande mwingine hunyamaza.

Bluetooth ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Ilianzia katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, mwaka 1994, kazi ya wahandisi akiwamo Mholanzi Jaap Haartsen. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba ziliunda kikundi cha kuisimamia. Inatumia eneo la gigahezi 2.4, ambalo katika nchi nyingi halihitaji leseni, na kwa hiyo limejaa: Wi-Fi ipo hapo, Zigbee ipo hapo, na tanuri za maikrowevu huvujisha mawimbi yake hapo hapo.

Bluetooth ya asili hukata eneo hilo katika chaneli 79, kila moja ya megahezi 1, na huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Kila nafasi ya muda ina maikrosekunde 625. Ndani ya kikundi kimoja kuna kifaa kikuu kimoja na vingine visivyozidi saba vinavyoshiriki. Kifaa kikuu husema katika nafasi shufwa, na wengine hujibu katika nafasi witiri. Hakuna mdogo anayesema bila kusemeshwa. Huyu ni mpangaji kamili, isipokuwa anachogawa si prosesa bali ukimya wa wengine. Na kanuni rasmi haimlazimishi afuate mpangilio fulani. Mtengenezaji anaweza kutumia mzunguko wa kawaida, au kuwapitia mara nyingi zaidi wenye data nyingi. Mwanafunzi aliyeelewa kipande cha muda na kunyimwa zamu ana kila anachohitaji kuuhukumu uamuzi huo.

Mazungumzo ya simu hupangwa kwa namna nyingine, kwa kuwa sauti iliyochelewa haina thamani. Katika kila nafasi sita, mbili huwekewa mazungumzo hayo mapema, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kila pakiti hubeba baiti 30 na hurudi kila milisekunde 3.75, ambayo ni sawasawa na kilobiti 64 kwa sekunde, kasi ya sauti ya simu ya kawaida. Hesabu yenyewe inaonyesha kikomo: mazungumzo matatu ya aina hiyo yanajaza nafasi zote sita, na data haina pa kupita.

Mwaka 2003 Bluetooth ilifundishwa kuziruka chaneli zilizo na vurugu. Mwaka 2010, toleo la 4.0 lilileta namna ya kutumia nishati kidogo: chaneli 40, tatu kati yake zikiwa za kujitangaza, zimewekwa kwenye mapengo ya chaneli za Wi-Fi zinazotumika zaidi. Kifaa huamka kwa vipindi vilivyokubaliwa, kuanzia milisekunde 7.5 hadi sekunde 4, hubadilishana pakiti chache, kisha hulala. Ndiyo siri ya kihisio kuishi miezi mingi kwa betri ndogo ya umbo la sarafu.

Zigbee hubeba kilobiti 250 tu kwa sekunde, lakini vifaa vyake hupokezana ujumbe hadi ufike mbali. Mkanda mpana sana, kati ya gigahezi 3.1 na 10.6, hutumika zaidi kupima umbali kwa kuhesabu muda wa wimbi kusafiri; nanosekunde moja ni kama sentimita 30.

Wi-Fi, ingawa hufika mbali kidogo, haiwezi kuachwa kwa sababu ndiyo jirani mkubwa. Tangu kanuni yake ya kwanza ya 1997, kwa kawaida ilifanya kazi bila mgawa zamu. Kila kifaa husikiliza kwanza. Hewa ikiwa kimya, kinangoja muda wa kubahatisha, kisha kinasema. Pakiti isipothibitishwa kupokewa, kinaongeza ukubwa wa bahati nasibu na kujaribu tena. Adabu hiyo inatosha kwa watu wachache, lakini kwenye ukumbi uliofurika muda mwingi huishia kwenye kungoja na kurudia. Wi-Fi 6 ikaja na utaratibu ambao mtambo wa katikati unaweza kugawa sehemu za chaneli kwa vifaa mbalimbali, na huo nao ni upangaji.

Sura hizi mbili hukutana ndani ya simu inayopiga muziki kwenye hedfoni za bila waya. Programu ya muziki husoma faili na kuifumbua. Huo ni mchakato, nao husimama kwenye foleni kama wengine. Sehemu inayoshughulikia sauti hupewa kipaumbele cha juu, kwani ikichelewa hata kidogo, mlio hukatika. Sauti hubanwa upya na kukabidhiwa chipu ya redio, ambayo mara nyingi ndiyo hiyo hiyo ya Wi-Fi na hutumia antena moja nayo. Ndani ya chipu kuna msuluhishi anayeamua milisekunde zipi ni za Wi-Fi na zipi ni za Bluetooth. Kisha pakiti hungoja nafasi yake, huruka, hupokewa au hurudiwa. Muziki, tofauti na mazungumzo ya simu, haukuwekewa nafasi za kudumu. Pakiti iliyopotea hutumwa tena, na hedfoni hutunza akiba ndogo ya sauti ili marudio hayo yasisikike.

Sauti ikikatika, chanzo kinaweza kutafutwa. Simu ikiwa kwenye mfuko wa nyuma na sauti ikarudi vizuri inapotolewa, tatizo liko hewani: maji yaliyo mwilini hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4. Ikikatika mtu anapopakua faili kubwa kwa Wi-Fi ya 2.4, na ikatulia anapohamia ile ya gigahezi 5, basi yaelekea ni msuluhishi wa antena aliyezidiwa. Na ikikatika kila programu nzito inapofunguliwa, hata wimbo ukipigwa kwa spika ya simu yenyewe, hewa haihusiki. Foleni iliyojaa ni ile ya prosesa.